Salfa ya Mikorosho na Ubao Mkuu wa Kompyuta

Kompyuta mpakato, yaani ile ndogo ya kukunja iwekwayo mapajani, imekwisha kuwa chombo cha kawaida katika shule zetu nyingi za sekondari. Mwalimu huitumia kuandalia mitihani na kutunzia alama, na mahali pengine darasa zima hujifunzia juu ya kompyuta tatu au nne. Inapokufa, aghalabu fundi huifungua, huitazama kidogo, kisha hutoa hukumu fupi: ubao mkuu umekufa. Huo ndio ule ubao wa kijani, wa buluu au mweusi uliobeba prosesa, chipu za kumbukumbu na saketi zote za kugawa umeme, ambao mafundi wa mitaani wamezoea kuuita mazabodi. Dawa yake, asema fundi, ni kuutoa na kuweka mwingine.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya kuutoa ubao na kuuweka mwingine pasipo kuudhuru. Yanawahusu walimu na wanafunzi wa nchi nzima, lakini zaidi wale wa Masasi na Newala, kwa kuwa huko kuna jambo moja la kikemia ambalo vitabu vya mafundi, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, havilipi uzito unaostahili. Kwa miezi kadhaa ya kila mwaka hewa ya huko hubeba vumbi la salfa. Kubadilisha ubao pasipo kujua kilichoua ule wa kwanza ni sawa na kupanda mche mpya katika shimo lenye mchwa.

Salfa ifikavyo mezani

Masasi iko chini, miongoni mwa vilima vyake vya mawe. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi huporomoka ghafla penye genge liitwalo Shimo la Mungu kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Tofauti ya miinuko ni kubwa, lakini pote pawili mkorosho ndio zao la fedha. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katika miaka ya 1980 mavuno yalianguka, na katika baadhi ya misimu hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei ndogo, wakulima kuhamishiwa katika vijiji vilivyokuwa mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiri unga, yaani kuvu mweupe anayeshambulia machipukizi na maua ya mkorosho. Unga wa salfa ulionekana kumzuia kuvu huyo. Watafiti wa kilimo, wakiwamo wale wa Naliendele karibu na mji wa Mtwara, waliufanyia majaribio, na wakulima wakaupokea. Tangu hapo salfa huingizwa kusini kwa maelfu ya tani.

Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mmoja kwa mpulizo mmoja. Mkulima mwenye miti 100, akipuliza mara nne katika msimu, hutawanya kilo 100 za unga mwembamba sana. Kazi hiyo hufanyika hasa kati ya Juni na Septemba, tena alfajiri, kabla upepo haujaamka na majani yakiwa bado na umande wa kuushika unga. Sehemu ya unga hushika majani. Sehemu nyingine huelea, hupita madirishani, hutua juu ya madawati, juu ya makabati, na juu ya vibonye vya kompyuta. Baadaye mwalimu aiwashapo kompyuta, feni yake huvuta hewa kutoka chini ya tumbo lake na kuipitisha ndani. Feni hiyo haibagui kati ya hewa na kilichomo hewani.

Salfa na metali

Mwanafunzi wa kemia huonyeshwa maabara jinsi unga wa chuma na salfa unavyoungana ukipashwa moto. Kwa shaba na fedha moto hauhitajiki. Atomi mbili za shaba huungana na atomi moja ya salfa katika joto la kawaida la chumba, ikapatikana salfaidi ya shaba, Cu2S, ambayo ni nyeusi. Fedha nayo hufanya Ag2S, nyeusi vilevile. Ndiyo sababu bangili ya fedha huwa nyeusi haraka mkononi mwa mtu ashughulikaye na salfa.

Tena salfa haihitaji kuigusa metali. Kama vile kafuri iliyotiwa sandukuni, nayo hutoa mvuke. Ni mvuke mchache mno, lakini huongezeka upesi kadiri joto linavyopanda, na ndani ya kompyuta inayofanya kazi, karibu na prosesa, nyuzi 60 au 70 za Sentigredi ni joto la kawaida. Kwa maneno mengine, kompyuta hujikusanyia vumbi la salfa yenyewe, kisha hulipasha moto yenyewe.

Njia za umeme katika ubao ni za shaba, nazo hufunikwa na rangi maalumu ya kuzikinga. Lakini palipo na vitundu na vituo vya kuunganishia vifaa, rangi hiyo haipo. Hapo shaba hufunikwa kwa utando mwembamba wa metali nyingine, kama bati, dhahabu au fedha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia matumizi ya risasi katika vyombo vingi vya elektroniki, na baadhi ya watengenezaji wakachagua utando wa fedha badala ya ule wa zamani uliochanganywa na risasi. Haukupita muda mrefu, malalamiko yakaanza kutoka mahali ambapo hewa ina salfa: viwanda vya karatasi, viwanda vya mpira, na hata vyumba vya wachoraji wa magari, ambao hufinyanga sampuli za gari kwa udongo wa kisanaa uliotiwa salfa. Kompyuta zao zilikufa baada ya muda mfupi. Zilipofunguliwa, palionekana kitu cheusi kilichotambaa kutoka kituo kimoja hadi kingine juu ya ubao, kama ukungu utambaavyo juu ya mkate. Ilikuwa salfaidi ya shaba. Kwa kuwa salfaidi hiyo hupitisha umeme kidogo, iliunganisha njia ambazo hazikupaswa kukutana.

Iko na njia ya pili ya uharibifu, isiyoonekana kwa urahisi. Rezista za siku hizi ni ndogo kuliko punje ya ufuta, na ncha zake nyingi zina tabaka la fedha chini ya kofia ya bati. Mvuke wa salfa ukipenya pembeni mwa kofia hiyo, fedha hugeuka salfaidi taratibu, ukinzani hupanda, na hatimaye saketi hukatika. Kwa nje rezista yaonekana nzima. Fundi atapima, atachoka, na atasema ubao umekufa. Naye atakuwa amesema kweli, ila hatakuwa ameeleza kwa nini.

Walimu wa kusini wana haki ya kulijua jambo hili kabla ya kununua ubao wa pili, kwa kuwa bei yake si ndogo na aghalabu huagizwa kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kutoa hukumu

Hata hivyo si kila kompyuta iliyokufa Newala imeuawa na salfa. Radi za masika, chaja ya bandia, chai iliyomwagika, kuanguka kutoka juu ya dawati: yote haya huua. Kwa hiyo ubao usihukumiwe mpaka vifaa vya nje vimepimwa. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hutoa volti 19 au 20. Multimita ya maabara yatosha kuipima, na kipimo chenyewe kimeandikwa juu ya chaja. Kisha ondoa chaja, tenganisha betri, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili chaji iliyobaki katika kapasita iishe. Rudisha chaja peke yake ujaribu. Toa kadi za kumbukumbu, ikiwa zatoka, uzirudishe kwa kuzikandamiza vizuri. Unganisha kioo cha nje, kwani mara nyingine kilichokufa ni kioo tu. Baada ya hayo yote, ikiwa bado hakuna dalili ya uhai, ndipo ubao utazamwe.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, iko habari ya kazi zilizohifadhiwa ndani. Katika kompyuta za zamani diski hutoka peke yake, na alama za wanafunzi zitasalimika hata ubao ukitupwa. Katika baadhi ya zile mpya na nyembamba, chipu za kuhifadhia zimelehemewa juu ya ubao wenyewe. Ukiondoka ubao, zimeondoka na alama. Tena ikiwa diski imefungwa kwa kufuli la kimaandishi kama BitLocker ya Windows, ufunguo wake huhusishwa na chipu ya usalama iliyomo katika ubao wa zamani. Ubao mpya hautautambua, na pasipo namba ndefu ya akiba aliyopewa mwenye kompyuta hapo mwanzo, diski itabaki imefungwa. Namba hiyo itafutwe kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa.

Adui asiyeonekana: umeme tuli

Mtu aliyepata kuishi nchi za baridi anaijua ile cheche impigayo kidoleni ashikapo kitasa cha mlango wakati wa kipupwe, ndani ya nyumba zinazopashwa joto. Hewa kavu ndiyo kisa. Kusini mwa Tanzania mchana wa miezi ya Agosti hadi Oktoba waweza kuwa mkavu vya kutosha kwa jambo hilo, hasa kwa mtu aliyevaa nailoni na kuketi juu ya kiti cha plastiki. Basi miezi ya salfa na miezi ya umeme tuli hufuatana, tena hupandana.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kuikagua. Mwili wa binadamu ni kama kapasita yenye uwezo wa pikofaradi 100 hivi. Cheche ambayo kidole huweza kuihisi huanzia karibu volti 3,000. Nishati yake, kwa kanuni ya nusu ya C mara V ya kipeo cha pili, ni 0.5 × 100 × 10⁻¹² × 9 × 10⁶, yaani jouli 0.00045. Ni kidogo sana. Haimwumizi hata mtoto. Lakini ndani ya prosesa na chipu za kumbukumbu, lango la transista limetengwa kwa utando wa kihami wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Oksidi ya silikoni hupasuka kwa volti moja hivi kwa kila nanomita. Watengenezaji huweka vilinzi kwenye miguu ya chipu, na vilinzi hivyo huokoa mengi, lakini ziko chipu ziharibikazo kwa volti zisizofika 100. Tofauti kati ya 100 na 3,000 ndiyo hatari yenyewe: fundi aweza kuua ubao mpya kwa cheche ambayo yeye mwenyewe hakuihisi. Pengine hataua kabisa. Atajeruhi tu, na kompyuta itafanya kazi mwezi mmoja kisha izimike, watu wakidhani ubao ulikuja mbovu.

Kinga ni kuhakikisha kwamba mwili wako, meza na ubao viko katika volti moja, kwani pasipo tofauti ya volti hakuna cheche. Mkanda wa kifundo cha mkono uuzwao kwa mafundi una waya wenye rezista ya megaomu 1. Kwa pikofaradi 100, chaji ya mwilini hutoroka kupitia rezista hiyo kwa kipimo cha muda cha sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Haraka kuliko mkono uwezavyo kusogea. Kwa upande mwingine, ikiwa kwa bahati mbaya mfanyakazi ataguswa na umeme wa volti 230, rezista hiyo itauzuia mkondo usizidi miliampea 0.23 kupitia waya huo, kiasi kisichohisiwa hata kidogo. Kwa hiyo mtu asijitengenezee mkanda wa waya mtupu pasipo rezista. Ncha ya pili ya mkanda ifungwe kwenye fremu ya metali ya kompyuta yenyewe, si kuchomekwa katika tundu la soketi ya ukutani. Asiye na mkanda aiguse fremu hiyo kwa mkono kabla ya kila hatua na aendelee kuiegemeza mkono afanyapo kazi. Avae pamba. Ajiepushe na kitambaa cha meza cha plastiki. Meza tupu ya mbao yafaa zaidi.

Kuutoa ubao

Chaja iwe imekwisha kuondolewa. Ikiwa kompyuta ilikuwa hai, izimwe kabisa, si kulazwa tu.

Chukua kipande cha boksi, uchore juu yake umbo la tumbo la kompyuta, na kila skrubu itokayo uichomeke katika boksi mahali palepale ilipotoka. Ujanja huu waonekana wa kitoto, lakini skrubu za kompyuta mpakato hutofautiana urefu kwa milimita moja au mbili, na skrubu ndefu ikirudishwa katika tundu la fupi hupenya hadi kwenye ubao na kukata njia za umeme. Bisibisi iwe ya nyota ya kipimo sawasawa. Iliyo ndogo kupita kiasi hula kichwa cha skrubu, na hapo kazi ya saa moja huwa ya siku nzima.

Kifuniko kikishatoka, jambo la kwanza ni kutenganisha betri. Sisitizo hili si la bure. Betri yenye seli tatu za lithiamu mfululizo hutoa volti 11.1 hivi, na ncha zake zikigusana zaweza kutoa makumi ya ampea kwa nukta moja. Bisibisi iliyoteleza yatosha. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, betri huendelea kulisha sehemu fulani za ubao. Waya wa kioo ukichomolewa betri ikiwa ingali imeunganishwa, fyuzi ndogo ya taa ya nyuma ya kioo yaweza kukatika, na ubao mpya utalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Betri iliyovimba isitobolewe wala kukandamizwa. Itolewe polepole na kuwekwa nje, mbali na vitu viwezavyo kuwaka. Ile betri ndogo ya sarafu itunzayo saa nayo itolewe.

Kisha zitazamwe waya. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Waya bapa za vibonye na za kipanya cha kidole hushikwa na kigingi chembamba cha plastiki katika soketi zake: kigingi chainuliwa kwa ukucha, ndipo waya utoke wenyewe bila nguvu. Ukivuta kabla ya kukiinua utang'oa soketi. Waya mbili nyembamba za antena, aghalabu mmoja mweusi na mmoja mweupe, hukaa juu ya kadi ya redio kwa kubanwa tu. Ziinuliwe wima kwa kibano.

Sehemu inayotaka utulivu mwingi ni kipoozi, yaani lile bomba bapa la shaba lililolala juu ya prosesa na kuishia penye mapezi ya feni. Skrubu zake aghalabu zimeandikwa namba. Zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa kukingamana, si moja hadi mwisho kisha nyingine, kwa maana prosesa isiyo na kofia ni kipande cha silikoni kitupu, nacho huvunjika pembeni kama kigae kikibanwa upande mmoja. Kipoozi kikishikilia, kizungushwe kidogo kushoto na kulia mpaka ile grisi ya zamani iachie. Kisivutwe juu kwa nguvu.

Sasa ubao waweza kutoka. Tafuta skrubu iliyosahauliwa, kwani karibu kila mara ipo moja. Uinue ubao kwa kingo zake, upande usio na soketi za pembeni kwanza, na usiguse vituo vya metali kwa vidole. Jasho lina chumvi.

Kuusoma ubao wa zamani

Mafundi wengi huutupa ubao wa zamani pembeni hapo hapo. Mimi naona huu ndio wakati wa thamani kuliko wote, na ndio wakati wa kuwaita wanafunzi. Chukueni kioo cha kukuzia cha maabara ya bayolojia mtazame karibu na vitundu, karibu na ncha za rezista, na hasa upande ule ambako hewa ya feni hupita. Unga wa njano uliojibana penye mapezi hueleza habari yake wenyewe. Weusi wenye manyoya au wenye kung'aa kibuluu uliotambaa kutoka katika vituo ni dalili ya salfaidi. Rangi ya kijani au nyeupe yenye kuachia alama ya mkondo ni maji au chai. Kapasita au chipu iliyopasuka na kuacha masizi mahali pamoja, ubao mwingine ukiwa safi, yaelekeza kwenye radi au chaja mbovu. Dalili ya aina ya kwanza ikionekana, kompyuta nyingine za chumba kile zimo hatarini, hata kama leo zote zinawaka.

Ubao mpya

Namba ya kuagizia ni ile iliyochapwa juu ya ubao wenyewe, si jina la kompyuta lililoko juu ya kifuniko. Kompyuta mbili za jina moja zaweza kuwa na mbao tofauti kwa sababu ya prosesa au soketi. Ubao uliokwisha kutumika si vibaya, lakini utazamwe kwa kioo kile kile kabla ya kulipiwa. Ule uliotengenezwa katika miaka michache ya kwanza baada ya 2006, wenye vituo vyeupe vya fedha vilivyoanza kufifia na kuwa kijivu, mimi nisingeupeleka Newala.

Uje ndani ya mfuko wa kijivu wenye kung'aa wa kuzuia umeme tuli, na ukae ndani yake mpaka wakati wa kufungwa. Usifungwe katika plastiki ya kawaida. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungashia zingali zipo, na msuguano wake na ubao huzaa volti nyingi. Povu jeupe la kufungia redio ni baya vilevile. Wala ubao usifungwe kwa raba: mpira huimarishwa kwa salfa kiwandani, na raba iliyoachwa juu ya metali ya fedha huacha mstari mweusi.

Kurudisha ni kufuata njia ile kinyumenyume, ila kwa kipoozi kuna neno. Nyuso mbili za metali, hata zikionekana laini, hugusana kwa sehemu ndogo tu. Kwingine kumejaa hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 15,000 kuliko hewa. Ndiyo kazi ya grisi ya kupitisha joto, kujaza mianya hiyo. Grisi ya zamani ipanguswe yote kwa kitambaa cha pamba na spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya rangi ya kuwashia jiko huacha utando. Grisi mpya iwe kiasi cha punje moja ya mchele kwa prosesa ndogo isiyo na kofia. Dawa ya meno, ambayo watu husimuliana kwamba yafaa, hukauka kwa siku chache na kupasuka. Skrubu zikazwe kwa zamu ile ile ya namba. Waya wa feni usisahauliwe, kwani prosesa isiyo na feni hujizima baada ya dakika chache, na fundi huanza upya kutafuta ugonjwa usiokuwapo.

Betri iunganishwe mwisho kabisa. Kompyuta iwashwe kabla ya kifuniko kufungwa, ikiwa imekaa pakavu juu ya mbao, na feni isikilizwe. Saa na tarehe zitakuwa zimepotea, zirekebishwe.

Chumba nacho kitibiwe

Katika miezi ya kupuliza, madirisha ya chumba cha kompyuta yafungwe tangu jioni hadi jua lipande, kwa kuwa salfa husafiri alfajiri. Chumba kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufagiwa. Ufagio mkavu hurudisha hewani kile kilichokwisha tua. Magunia ya salfa, ya shule au ya mwalimu, yasihifadhiwe katika stoo inayopakana na chumba hicho. Kompyuta isiyotumika ilale ndani ya sanduku la bati lenye kufungika, lile wanafunzi wa bweni waliitalo tranka, na sandukuni humo kusiwe na viatu vya raba.

Ili kujua kama hatua hizi zinafaa, shule haihitaji chombo cha bei. Viwanda vikubwa hupima ukali wa hewa kwa kuning'iniza vipande vya shaba, na kwa kipimo kilichotolewa Marekani mwaka 1985, hewa huhesabiwa kuwa salama kwa elektroniki ikiwa tabaka la kutu juu ya shaba halifiki angstromu 300, yaani nanomita 30, kwa mwezi. Sisi tutatumia macho. Chukua waya mnene wa shaba wa kufungia umeme wa nyumba, uumenye, uukate vipande vitano vya urefu wa kidole, uvisugue kwa msasa mwembamba mpaka ving'ae, na usivishike tena kwa vidole vitupu. Kimoja kining'inizwe katika chumba cha kompyuta, cha pili katika stoo, cha tatu nje chini ya paa, na cha nne kifungwe ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Chupa nyingine, yenye chembe ya salfa na kipande cha tano kisichoigusa salfa hiyo, iwekwe dirishani penye jua kwa ajili ya kulinganisha. Salfa isichomwe moto, kwa maana moshi wake ni sumu ya mapafu. Baada ya siku 30 vipande vyote vipangwe juu ya karatasi nyeupe na kuandikiwa mahali na mwezi. Jaribio lirudiwe mwezi wa Machi, wakati mashine za kupulizia zimekaa kimya, na shule ya Masasi ibadilishane karatasi zake na shule ya Newala.